Katikati ya Viwanja Viwili

Mgonjwa alipokwisha kufungwa mikanda kwenye machela, Sista aliuliza swali aliloliuliza kila safari kabla mlango wa ndege haujafungwa.

"Kapteni, leo ni muda gani?"

Rubani alikuwa mtu wa makamo aliyebandikwa jina la Taratibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona akikimbia hata mvua ikimnyeshea. Alikuwa akiizunguka ndege yake akigusagusa mabawa, kama mnunuzi anayekagua ng'ombe mnadani.

"Maili mia tatu na arobaini za angani," alisema. "Hewa ikitulia, saa moja na dakika arobaini na tano. Lakini leo upepo unatujia usoni. Weka saa mbili na robo, roho yako itulie."

Sista hakuuliza kwa udadisi. Ile ilikuwa ndege ndogo ya injini mbili, isiyo na mitambo ya kuhifadhi hewa ndani kama zile kubwa. Ikipanda kuvuka milima, hewa inakuwa nyepesi na hata mzima wa afya anahisi kichwa kizito, sembuse mtu aliyevunjika mbavu. Muda wa njiani ndio uliomwambia abebe oksijeni kiasi gani. Alikuwa na mtungi mkubwa uliofungwa sakafuni kando ya machela, na mwingine mdogo wa akiba, mkubwa kidogo kuliko chupa ya chai. Akaona inatosha na itabaki.

"Simu yangu inasema dakika hamsini tu," alisema mume wa mgonjwa, akiwaonyesha kioo. "Nimeandika kiwanja hiki na kile, ikanipa umbali na muda."

"Simu imekuhesabia dege la abiria, bosi," Taratibu alimjibu akicheka. "Mimi nakupandisha panzi."

Mume naye akacheka, kicheko kifupi cha adabu. Alikuwa mkandarasi wa barabara, mwanamume wa miraba minne, shati limepigwa pasi, mkono wa kulia umefungwa plasta kwenye vifundo vya vidole. Alikuja na mto kutoka nyumbani ili mkewe asilalie kitu kigumu. Wauguzi wa hospitali walikomtoa mgonjwa walimsifu mpaka wakachoka: hakubanduka kitandani tangu mkewe alazwe, ndiye aliyemlisha, ndiye aliyemfuta uso, ndiye aliyejibu kila swali la daktari kabla mgonjwa hajafumbua mdomo.

"Kwa hiyo saa mbili na robo," mkandarasi alirudia polepole. "Na yeye anaweza kuvumilia muda wote huo?"

"Ndiyo maana nipo, kaka," Sista alisema.

Mgonjwa alikuwa mshonaji wa nguo, hajafika hata miaka thelathini na mitano. Karatasi za hospitali zilisema ameanguka kwenye ngazi za nyumba inayojengwa: kichwa, mbavu nne, mfupa wa bega. Lakini Sista alipofungua skafu shingoni mwake ili apitishe mpira wa oksijeni, aliona alama nne za bluu upande mmoja wa koo na moja upande wa pili. Akazitazama, akaifunga skafu kama alivyoikuta. Ngazi zina kingo, zina kona, zina saruji. Ngazi hazina vidole.

Alikuwa muuguzi wa ndegeni kwa miaka mingi, na alijua kwamba kuna maneno ambayo ukiyatamka mahali pasipo na mlango wa kukimbilia unakuwa umemwaga petroli ndani ya nyumba uliyomo. Angemnong'oneza daktari wa kule waendako. Tena asubuhi ile ile baba wa mgonjwa, dereva wa treni mstaafu aliyekuwa akiwasubiri upande wa pili, alimpigia simu. "Mwanangu, niletee binti yangu akiwa hai," mzee alisema. "Mkwe wangu alisema atibiwe huko huko, mimi nikakataa katakata. Basi akaomba angalau amsindikize. Mpe pole, kijana wa watu amehangaika sana."

Kikulacho ki nguoni mwako, Sista aliwaza. Kisha akafunga mlango.

Ndani mlikuwa na nafasi ya kupumua tu. Machela upande wa kulia. Kushoto viti viwili, cha mbele cha Sista, karibu na kichwa cha mgonjwa, na cha nyuma cha mkandarasi, usawa wa miguu. Rubani alikuwa peke yake mbele, mgongo wake ukionekana kupitia pazia lililofunguliwa nusu. Walipaa vizuri. Jua lilikuwa la mchana, mawingu machache, milima ikitokeza kwa mbali kama meno ya msumeno.

Saa nzima ikapita bila neno la maana. Mkandarasi alitazama saa yake, akatazama dirishani, akatazama saa yake tena. Kila baada ya muda aliuliza, "Tumefika wapi?" na Taratibu, bila kugeuka, alijibu, "Bado tupo juu, bosi, ndiyo habari njema."

Wakati milima imeanza kupita chini yao, mgonjwa alifumbua macho.

Dawa ya usingizi ilikuwa imeanza kumwisha nguvu. Aliyazungusha macho taratibu, akaona bati la dari, akaona mfuko wa dripu, akaona uso wa Sista. Mkono wake ulitambaa juu ya blanketi ukamshika Sista kifundo cha mkono, kwa nguvu ambazo mtu wa hali yake hakupaswa kuwa nazo. Sista akainama. Mgonjwa akaisogeza barakoa kidogo kwa kidevu.

"Ni yeye," alisema. "Dada, usiniache naye. Alisema atamaliza."

"Tulia," Sista akamwambia sikioni. "Uko na mimi."

"Amesema nini?" Mkandarasi alikuwa ameegemea mbele.

"Anataka maji."

"Amesema nini, Sista?"

"Maji, kaka. Na simpi, hatakiwi kunywa—"

"Mke wangu namjua." Sauti yake bado ilikuwa ya adabu. Alifungua mkanda wa kiti chake. "Hebu nipishe nikae karibu naye. Akiniona mimi anatulia."

"Rudi ukae. Ndege ina sheria zake."

Mkandarasi akarudi akakaa, mikono magotini. Sista akageuka, akaingiza kichwa kwenye pazia. Alikuwa na maneno matano tu ya kumwambia rubani, nayo alishayapanga ulimini. Hakufika la tatu. Nyuma yake mashine ya kupima mapigo ikaanza kulia.

Aligeuka akakuta mtu mzima amemlalia mkewe kifuani. Mkono mmoja umekunja mpira wa oksijeni kama mtu anayekunja bomba la kumwagilia bustani, mwingine umeshika barakoa na pua na mdomo kwa pamoja, umebana. Kilichomtisha Sista zaidi ni uso wake: haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa fundi anayekaza nati, anayetaka kazi iishe kabla ya muda uliopangwa.

Sista alimrukia. Alimshika nywele, zilikuwa fupi, hazikushikika. Akamshika sikio akalivuta kwa uzito wake wote, akasikia kitu kinachanika. Mkandarasi hata kugeuka hakugeuka. Alirusha kiwiko nyuma tu, kikamkuta Sista katikati ya uso. Pua ikavunjika. Aliisikia ikivunjika kwa ndani, kama mtu anayetafuna karoti, na damu ikamjaa mdomoni. Akaangukia kiti chake, akainuka, akamng'ata mkono ulioshika barakoa. Aling'ata mpaka meno yakagusa mfupa.

Hapo mkandarasi alipiga ukelele na kumwachia mkewe. Akamgeukia muuguzi.

"Mbwa jike wewe," alisema, na adabu yote ikawa imemwisha. Alimshika koo kwa mkono mmoja akampigiza ubavuni mwa ndege, mara ya kwanza, mara ya pili. Miwani ikaruka. Mara ya tatu mguu wa Sista ulipiga kichwa cha ule mtungi mkubwa sakafuni, na mkandarasi alipotaka kujiweka sawa akaukanyaga kwa kiatu chake cha ngozi, kwa kilo zake zote. Shingo ya mtungi ikapinda. Hewa ikaanza kutoka kwa mluzi mkali uliojaza ndege nzima.

"Sista!" Taratibu alipiga kelele kutoka mbele. Hakuweza kuacha usukani. Mashine ya kuiendesha ndege bila mkono wa rubani ilikuwa mbovu tangu wiki iliyopita, na chini yao kulikuwa na miamba. "Sista, shika kitu! Shika sasa hivi!"

Sista hakuona vizuri, hakusikia vizuri, lakini alimjua rubani wake. Aliupitisha mkono chini ya chuma cha machela akakikumbatia.

Taratibu, mtu asiyewahi kufanya jambo kwa haraka, aliisukuma pua ya ndege chini kwa nguvu zake zote.

Kila kisichofungwa kikapaa. Vikombe, bandeji, mto wa nyumbani, matone ya damu. Mgonjwa alishikiliwa na mikanda yake. Mkandarasi hakuwa na cha kumshikilia. Alinyanyuka sakafuni kama mtoto anayerushwa na baba yake, akagonga dari kwa kichwa na bega. Kisha Taratibu akaivuta ndege juu, na lile jitu likashuka kama gunia la saruji kati ya viti, uso chini.

Alianza kujiinua. Akapiga goti moja. Sista alikuwa ameshauchomoa mtungi mdogo kwenye kishikio chake. Aliushika kwa mikono miwili, akamtwanga nao nyuma ya kichwa.

Mkandarasi akalala chini. Mkono wake wa kulia uliendelea kutafuta-tafuta sakafuni, kama unatafuta funguo. Sista akaona ule mkono, akaona plasta kwenye vifundo, akaelewa plasta ile ilitoka wapi. Akaunyanyua mtungi tena, akampiga mara ya pili. Mkono ukatulia.

Alisimama hivyo, mtungi umeinuliwa kwa mara ya tatu, akihema kwa mdomo. Mgonjwa alikuwa akimtazama kupitia barakoa iliyopinda. Ni mluzi wa ule mtungi mkubwa uliomzindua, maana ulikuwa unafifia. Hewa yao ilikuwa inakwisha.

Alifanya kazi kwa haraka, kama mtu anayeokoa vitu nyumba ikiungua. Kwanza alimfunga yule mtu mikono nyuma kwa mikanda ya akiba, akamfunga na miguu, akamwegemeza kwenye mguu wa kiti. Kisha akajaribu kuikaza shingo ya mtungi mkubwa, haikukazika. Ukatoa pumzi ya mwisho ukanyamaza. Ukabaki ule mdogo, ambao ulikuwa na damu na nywele zimenata upande mmoja. Aliufuta kwa kitambaa, akaunganisha mpira, akamrudishia mgonjwa barakoa. Akafungua hewa kidogo, kidogo kabisa.

"Kapteni," aliita. Pua iliyovunjika ilimfanya aongee kama mtu mwenye mafua. "Tuko wapi?"

"Mzima wewe?"

"Mzima. Tuko wapi?"

"Kwa umbali tumepita katikati zamani," Taratibu alisema. "Lakini kwa muda ndiyo tumefika katikati sasa. Nikigeuza, upepo utatusukuma mgongoni. Nikienda mbele unatupinga. Kurudi na kwenda ni sawasawa, dakika hamsini na kidogo. Kuna uwanja wa udongo hapo chini, ishirini hivi, ila watakaotupokea ni mbuzi tu. Waongoza ndege nimeshawaambia. Polisi watakuwepo popote tutakaposhuka. Sema wewe."

Sista alitazama kipimo cha mtungi mdogo. Ukitumiwa kwa ubahili ungetosha dakika hamsini kwa mtu mmoja. Kwa mtu mmoja. Kule walikotoka hakukuwa na daktari wa kufungua kichwa, mbele alikuwepo.

"Mbele," alisema. "Na ukivuka milima tu, shuka chini kabisa unakoweza. Nipe hewa nzito."

"Dakika kumi na tano nivuke. Jikazeni."

Mkandarasi alizinduka akaanza kwa matusi. Alimtukana Sista, akamtukana mama yake Sista, akamtukana baba mkwe na treni zake zote. Alisema atamshtaki, atamfungisha, atamfukia chini ya lami na magari yapite juu. Sista alimwacha aseme. Halafu matusi yakapungua, yakawa maombi. "Dada yangu, kichwa. Dada, nipe hewa kidogo. Mimi pia ni binadamu." Halafu maombi nayo yakapungua, maneno yakaanza kugongana mdomoni kama ya mlevi. Halafu akaanza kukoroma.

Sista aliujua ule mkoromo. Si wa usingizi. Ni ulimi unaorudi nyuma na kuziba njia, kwa mtu ambaye damu inamvuja ndani ya fuvu. Alipiga magoti, akamfunua kope. Mboni moja ilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Midomo ilianza kuwa ya kijivu.

Akakaa juu ya visigino vyake. Upande wake wa kulia mwanamke anavuta hewa kutoka kwenye chombo kimoja tu kilichobaki. Upande wa kushoto mwanamume aliyetaka kumuua mwanamke huyo, na aliyepigwa kwa chombo hicho hicho, na mpigaji ni yeye. Angeweza kutulia pale pale alipokaa. Hakuna ambacho angehitaji kufanya. Njia ingejiziba yenyewe, na Mungu angeulizwa, si yeye.

Hewa hakumpa. Hilo alilikata bila kusitasita, na hakulijutia baadaye. Lakini mikono yake ilikwenda. Ilimlaza yule mtu chali, ikamshika taya pande zote mbili, ikalivuta mbele mpaka ulimi ukaachia njia. Mkoromo ukakatika, kifua kikapanda, kikashuka. Akiliachia taya, linarudi. Kwa hiyo hakuliachia.

"Nyamaza," alimwambia, ingawa hakuwa akisema lolote. "Nyamaza, shetani mkubwa. Pumua."

Damu ya pua yake ilikuwa inadondoka usoni kwa yule mtu. Kidole chake kimoja cha kati, kilichovunjika bila yeye kujua kimevunjika saa ngapi, kilikuwa kimevimba kama ndizi.

"Mwache."

Aliyesema ni mgonjwa. Aliisogeza barakoa, anazungumza kwa vipande, kila neno na pumzi yake.

"Rudisha barakoa," Sista alisema.

"Mwache, dada. Umempiga. Sasa unamuuguza?"

"Rudisha barakoa, nakuomba."

"Sijakuomba mengi." Machozi yalikuwa yanamshuka kuelekea masikioni. "Miaka minane. Hakuna aliyewahi kumpiga. Hakuna. Umempiga wewe nikasema leo. Leo ndiyo leo. Mwachie tu hiyo mikono."

Sista alitaka kumpa sababu nzuri. Alitafuta kiapo chake cha uuguzi, akatafuta dini, akatafuta sheria, vyote vikawa mbali. "Siwezi," alisema tu. "Siwezi, mdogo wangu."

Mgonjwa akajirudishia barakoa, akageuza uso wake ukutani.

Walivuka milima. Ndege ikashuka, masikio yakauma, hewa ikawa nzito na yenye joto, na kipimo kwenye kidole cha mgonjwa kikaanza kupanda kidogokidogo. Sista alibaki amepiga magoti muda wote, taya la muuaji mikononi, akisikia Taratibu akihesabu kwa sauti kilichobaki: nusu saa, dakika ishirini, kumi, naiona lami. Magurudumu yalipogusa chini, mtungi mdogo ulikuwa bado unatoa sauti nyembamba ya nzi.

Mlango ulifunguliwa kwa nje. Kulikuwa na magari mawili ya wagonjwa, polisi watatu, daktari, na mzee mmoja mrefu mwembamba aliyevaa koti kuukuu la kazini. Mgonjwa akashushwa kwanza. Baba yake alimwinamia, na binti akamwambia jambo fupi sikioni. Ilikuwa sentensi moja. Mzee akanyooka. Alibaki amesimama akipepesa macho, kama mtu aliyepita kituo chake na ndiyo kwanza anagundua.

Kisha wakamshusha mkwe.

Mzee hakupiga kelele. Alivua kiatu chake cha kulia, cha soli ngumu, akaenda kwa mwendo wa kawaida hadi kwenye machela, akaanza kumtandika mkwe wake usoni. Alipiga kwa mpangilio, kulia, kushoto, akisema neno moja kwa kila pigo. "Nilikupa. Mkono. Nilikupa. Pole. Nilikuita. Mwanangu." Polisi walidhani wamekuja kumkamata mkwe; iliwachukua muda kuelewa kwamba wa kuzuiwa ni mzee. Sista ndiye aliyeingia katikati, na kiatu kikampata juu ya jicho.

"Mzee, inatosha," alisema. "Mzee, huyu hakusikii."

"Na mimi nilikuwa simsikii binti yangu," mzee alisema, kisha nguvu zikamwisha. Akakaa chini kwenye lami ya moto, kiatu mkononi, soksi imetoboka kidole gumba. Taratibu aliyekuwa ameshuka akaja akakaa kando yake.

Wote wawili waliopasuliwa kichwa siku ile walipona, kila mmoja kwa namna yake. Mgonjwa alirudi kutembea baada ya wiki kadhaa. Mkandarasi alitoka chumba cha upasuaji na mkono wa kushoto uliokufa na mguu wa kuburuta, na alipopata nguvu ya kukaa kwenye kiti alipelekwa mahakamani.

Huko Sista aliitwa kutoa ushahidi. Aliulizwa alama za shingoni, akazieleza. Aliulizwa mpira wa oksijeni, akaonyesha ulivyokunjwa. Kisha akasimama wakili wa mshtakiwa, kijana mtanashati mwenye sauti ya upole.

"Ulimpiga mara ngapi kwa mtungi?"

"Mara mbili."

"Pigo la kwanza lilimwangusha?"

"Ndiyo."

"Alipokuwa amelala chini, aliendelea kumshambulia mtu yeyote?"

"Hapana."

"Basi pigo la pili lilikuwa la nini?"

Wakili wa serikali alikuwa amemwambia tangu jana yake aseme aliogopa, kwamba mkono ulikuwa unasogea, kwamba hakujua. Na ni kweli mkono ulikuwa unasogea.

"La kwanza nilimpiga asimuue mgonjwa wangu," Sista alisema. "La pili nilimpiga kwa sababu nilitaka kumpiga."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Eeh," na hakimu akamtazama vibaya. Kwa jibu lile Sista alisimamishwa kazi miezi minne huku wakubwa wake wakijadiliana kama anafaa kupewa tena mgonjwa. Mkandarasi alihukumiwa miaka kumi na minane.

Siku ya hukumu, watu walipokuwa wanatoka, mama yake mkandarasi aliwakuta Sista na yule mshonaji, mgonjwa wake wa siku ile, kwenye ukumbi wa mahakama. Alikuwa mama mnene, mfupi, macho yamevimba. Alimzaba mkwewe kibao kilichosikika mpaka kwa askari wa mlangoni. Akainua mkono wa pili.

Mshonaji aliudaka ule mkono hewani. Aliushika pale pale juu, bila kuupinda, bila kuusukuma. Walibaki hivyo, wamekazana macho, mpaka mama akalia kwa sauti, "Mwanangu, mwanangu, nani atamvalisha shati?" Mshonaji akaushusha mkono taratibu akauachia. Mama akaenda zake akishikiliwa na jamaa zake.

"Unaona?" mshonaji alisema. Shavu lake lilikuwa na alama za vidole. "Ungemwacha kule juu, leo ningekuwa mjane. Mjane anajulikana, anapewa pole, anaanza upya. Mimi sasa ni nani? Ni mke wa mfungwa kilema, na siku moja atatoka."

Sista alikuwa amelitafuta jibu la swali hilo kwa miezi yote ile minne, akiwa nyumbani bila kazi, na hakulipata.

"Sijakusamehe," mshonaji aliendelea. "Nataka ujue hivyo, nisije nikakuchekea kinafiki. Labda nitakusamehe, labda sitaweza." Akavuta pumzi, akashika ubavu wake ambao bado ulikuwa unamuuma hali ya hewa ikibadilika. "Lakini ulinifikisha. Kwa hilo asante."

"Nimesikia, mdogo wangu."

"Yote mawili umesikia?"

"Yote mawili."

Mshonaji akatikisa kichwa kukubali. Nje baba yake alikuwa ameshapata teksi na alikuwa anagombana na dereva kuhusu njia ya kupita. Akajifunga kilemba chake vizuri, akatoka kwenda kuwaamua.